Sauti Nyuma ya Msomaji

Chumba cha kusomea hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilifunikwa kwa magodoro kuanzia chini hadi juu, na mlango wake ulikuwa mzito kama wa ghala. Ukiufunga, dunia yote inabaki nje. Husikii gari, husikii mtu, husikii hata mvua ikipiga bati. Unasikia pumzi zako tu, na ukikaa sana unaanza kusikia na moyo wako.

Humo ndimo alimofanya kazi mke wa mwokaji mikate. Watu wote katika jengo lile la maktaba walimwita Msomaji, maana kusoma ndiyo kazi aliyoajiriwa. Alisoma vitabu kwa sauti, na mtambo ukainasa sauti yake. Kisha vitabu hivyo vya sauti vilipelekwa kwa watu wasioona, wakavisikiliza majumbani mwao. Alisoma vitabu vya hadithi, vya kilimo, vya afya, hata vya sheria ambavyo vingemlaza mtu mwingine usingizi wa pono. Aliipenda kazi yake kupita kiasi. Mumewe alizoea kumtania kwamba hata akipewa karatasi ya kufungia mkate, ataisoma kwa madaha mpaka mtu atoe machozi.

Nyumba yao ilishikana na tanuri. Asubuhi harufu ya mkate iliingia mpaka chumbani, na mkate ndio uliokuwa chakula cha nyumba hiyo. Ulikuwa mkate mweupe, laini, wa unga uliokobolewa na kuchekechwa mpaka ukawa kama poda. Msomaji alikata maganda yote ya pembeni, akachovya ile nyama ya ndani katika chai yenye sukari nyingi, akameza. Hiyo ilikuwa asubuhi. Jioni ilikuwa hivyo hivyo. Mchana mara nyingi hakula kitu, alikunywa chai tu.

"Kula hata maharage kidogo," mama mkwe alimwambia mara kwa mara.

"Maharage yanajaza gesi, mama. Nitasomaje na gesi?"

"Basi mboga za majani."

"Zinaniganda kwenye meno."

"Embe je? Embe nalo lina kosa gani?"

"Nyuzi zake zinanikwaruza koo. Na mtindi unaniletea makohozi. Mama, sauti hii ndiyo jembe langu."

Mama mkwe aliguna. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na meno machache, na alikula kila kitu kilichopita mbele yake. "Haya bwana," alisema. "Lakini hata jembe lina mpini, na mpini wenyewe naona unakonda."

Mambo yaliendelea hivyo kwa miezi mingi. Kisha siku moja akaja Babu Simu.

Babu Simu alikuwa mzee asiyeona. Ujanani alifanya kazi katika chumba cha mitambo ya simu, akiunganisha watu wa mbali kwa kusikiliza sauti zao, na masikio yake hayakustaafu. Kila kitabu kipya kilipita kwake kwanza. Akisema kiko safi, kinatoka. Akisema hapana, kinarudi.

Kitabu cha mara hiyo kilikuwa cha kina mama wasioona. Kilieleza namna ya kumlea mtoto mchanga: kumshika, kumwogesha, kumsikia kama anapumua vizuri. Kulikuwa na kina mama waliokisubiri huku mimba zao zikikua, na Msomaji alijua hivyo. Alikisoma kwa moyo wake wote.

Babu Simu alisikiliza hadi mwisho. Akavua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka mezani taratibu, akakaa kimya kama maji mtungini.

"Shikamoo tena, babu," Msomaji akacheka kwa wasiwasi. "Mbona kimya?"

"Marahaba, mwanangu." Mzee aligeuza uso upande wake. "Nani yule alikuwa nyuma yako?"

"Nyuma yangu wapi?"

"Chumbani. Ulipokuwa unasoma."

"Hakuna mtu, babu. Huwa niko peke yangu."

"Yupo," mzee alisema, bila kupandisha sauti. "Anaongea chini chini. Ukisoma ananyamaza, kama anakusikiliza. Ukivuta pumzi, anasema yeye. Sijamwelewa anasema nini."

Fundi mitambo, kijana mmoja mpenda mzaha, alicheka. Alirudisha mtambo nyuma, akapandisha sauti mpaka juu kabisa. Wote wakasikia. Kwanza ilisikika sauti ya Msomaji, nzuri na tulivu: "Mweke mtoto kifuani, usikilize..." Kisha kimya kifupi. Na ndani ya kimya hicho kukawa na mnong'ono mrefu, mzito, uliopanda kidogo mwishoni kama mtu anayeuliza swali akiwa amefunikwa blanketi. Baada yake kukafuata mlio mwembamba, kama bawaba ya mlango unaofunguliwa polepole.

Fundi mitambo aliacha kucheka. Alitazama kiti kilichokuwa ndani ya chumba cha kusomea. Kiti kile kilikuwa cha msomaji aliyetangulia, mama mmoja mpole aliyefariki mwaka uliopita. Hakuna aliyetaja jambo hilo, lakini kila mmoja alilifikiria. Tangu siku hiyo fundi hakuingia tena chumbani mle peke yake, hata kuchukua kikombe alichokisahau humo.

Mkuu wa maktaba aliletewa kitabu, akasikiliza, akavuta shali yake mabegani. "Hiki hakitoki," alisema. "Mama mjamzito hawezi kusikilizishwa hivi. Nakupa nafasi ukirudie. Lakini mwezi ujao nikisikia sauti hiyo tena, nitampa kitabu msomaji mwingine. Na kiti pia, samahani kukwambia."

Msomaji alirudi nyumbani miguu mizito. Bila kiti kile angekuwa nani? Alijua kusoma tu, na sauti yake ilikuwa imezoeleka katika nyumba asizowahi kuzitembelea. Aliogopa kukipoteza kiti, na aliogopa pia kukikalia.

Kesho yake alijipiga moyo konde, akaingia chumbani na kufunga mlango. Hakufungua kitabu. Aliwasha taa ndogo, akakaa wima, akasubiri. Hakukuwa na kitu. Alibana pumzi. Ndipo akaisikia kwa masikio yake mwenyewe, bila mtambo wowote. Uuu... uuurr... Aligeuka nyuma haraka. Hapakuwa na mtu, palikuwa na magodoro tu. Ikaja tena, na safari hii ilitoka chini. Akainama akatazama chini ya meza. Huko pia palikuwa patupu.

Aliweka mkono tumboni ili ajitulize. Chini ya kiganja chake, kitu kikajongea.

Nywele zilimsimama. Hapakuwa na mtu nyuma yake hata siku moja. Aliyekuwa akisema alikuwa ndani yake.

Nyumbani alimweleza mama mkwe peke yake, maana mumewe alikuwa na moto tanurini. Bibi yule uso ulimng'aa. Alikuwa na hamu ya mjukuu isiyofichika.

"Lala hapa," aliamuru. Akamlaza kwenye mkeka, akaweka sikio lake tumboni. "Mjukuu huyo! Nilijua tu!"

"Mama, sina mimba. Nimeshapima kliniki."

"Vipimo navyo vina lao. Nyamaza nimsikilize." Alisikiliza kwa muda mrefu. Taratibu tabasamu likafifia. Aliinua kichwa, akamtazama mkwewe kwa macho ambayo Msomaji hakuwahi kuyaona.

"Mtoto hasemi hivi," alisema. "Na hayuko mmoja. Huyu... hawa wanasema kama watu wenye njaa."

Hilo ndilo lililommaliza Msomaji. Hofu ikimwingia mtu, akili hutoka kwa mlango wa pili. Kwenye droo ya kabati kulikuwa na vidonge vilivyobaki. Mumewe alipewa hospitalini alipovimba jino, ni dawa za kuua bakteria, naye aliviacha njiani maumivu yalipoisha. Msomaji alivitazama. Kama kuna vitu ndani yangu, alijiambia, basi vife. Akameza, asubuhi na jioni, hadi vikaisha. Hakumwambia mtu.

Siku chache za mwanzo tumbo lilinyamaza kabisa. Ungedhani angefurahi. Lakini kimya kile kilimtisha kuliko sauti. Alilala ubavu akalisikiliza, na lilikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama bila kuaga. Kisha tumbo likaanza kumwendesha. Alikimbilia chooni mara kwa mara, akavimba, akanyong'onyea. Na sauti zikarudi, ila hazikuwa zile za zamani. Hizi zilichemka, zilifoka, zilipiga miluzi. Ilionekana kana kwamba wa kwanza wameondoka na wageni wengine wamehamia.

Hapo sasa mumewe aliona. Mwokaji alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole wa roho, na alipomwona mkewe ameshika ukuta ili atembee, alidondosha trei nzima ya mikate. Hata hakuiokota.

Jirani yao alikuwa muuguzi wa zahanati. Watoto wa mtaani walimpa jina la Dada Sindano, naye alilipokea kwa kicheko. Siku hiyo alikuja kununua mkate, akakuta mteja anahudumiwa na bibi asiyejua bei, mwokaji ameshika kichwa, na Msomaji amejikunja kwenye kiti.

"Kulikoni humu ndani?" aliuliza. "Nani kafa?"

"Bado," mama mkwe alijibu. "Lakini tumboni kwa huyu kuna watu."

Dada Sindano hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mgonjwa, akamshika mkono. Aliuliza maswali yake taratibu. Je, choo kina damu? Hapana. Ana homa? Hapana. Anatapika? Hapana. Amepungua uzito bila sababu? Amekonda, ndiyo, ila hali chakula vizuri. Kuna dawa yoyote ametumia? Hapo Msomaji aliinamisha kichwa, akasema ukweli.

"Ee, dada yangu," muuguzi alisema kwa masikitiko. "Dawa ya jino la mume! Kesho tunaongozana zahanati. Tutapima kwanza, mengine baadaye. Kwa sasa kunywa maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini, usikauke. Tumbo likikuendesha namna hii baada ya dawa hizo, si jambo la kukaa nalo nyumbani. Na ukiona damu au homa, usingoje hiyo kesho."

Kesho yake walienda. Daktari alimpima choo na damu. Hakukuwa na minyoo, wala ugonjwa wa hatari. Alimpa maelekezo, na baada ya siku kadhaa kuendesha kukakoma. Lakini sauti zilibaki palepale. Siku za kitabu nazo zilikuwa zinayoyoma.

Dada Sindano alikuja tena mchana mmoja, tanuri likiwa limepoa. Wote wanne walikaa katika chumba cha kukandia unga, naye alikuwa ameshasimuliwa yote, ya chumbani na ya mezani.

"Sasa tuzungumze," alisema. "Bibi hapa alisema kuna watu tumboni. Watu hapana. Lakini viumbe wapo."

Msomaji aliondoa mkono haraka kutoka tumboni. "Wapo kweli?"

"Wapo. Ni bakteria, vijidudu wadogo ambao jicho haliwaoni. Wanaishi kwenye utumbo, hasa utumbo mpana. Idadi yao haihesabiki. Wapo kwako, kwangu, kwa mumeo, kwa bibi."

"Mimi pia?" Mama mkwe alijishika tumbo. "Tangu lini?"

"Tangu ulipozaliwa, bibi. Hujawahi kuwa peke yako hata siku moja."

Mwokaji alitazama tumbo lake kubwa kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina vyumba asivyovijua.

"Msiogope," muuguzi aliendelea. "Wengi wao ni wema. Wanatusaidia kuvunja chakula ambacho sisi wenyewe tumeshindwa kukisaga. Wanatengeneza baadhi ya vitamini. Wanalisha ukuta wa utumbo ukae imara. Wanawabana wabaya wasipate nafasi. Ila wana sharti moja. Lazima wale, na wanakula tunachokula sisi." Alimgeukia mwokaji. "Shemeji, ile chachu ya marehemu baba yako ungali nayo?"

Mwokaji alishtuka. Chachu ile ilikuwa unga na maji tu ndani ya mtungi wa kioo, lakini ilikuwa hai. Baba yake aliitumia kuumulia mikate miaka yote, akiilisha unga kila siku, akaiacha kama urithi. Mama mkwe aliisalimia kila asubuhi kama mtu wa nyumbani, akiiita Mzee. Lakini tangu mkewe augue, mwokaji alitumia hamira ya pakiti kwa sababu ya haraka. Mtungi aliusahau nyuma ya magunia.

Aliuleta, akauweka mezani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuufungua. Juu kulikuwa na maji meusi. Chini yake kulikuwa na uji wa rangi ya majivu, umelala bila povu hata moja. Mwokaji alipofungua kifuniko, ilitoka pumzi kali iliyowachoma pua. Mama mkwe alirudi nyuma, akafunika mdomo kwa khanga. "Mzee amekufa," alinong'ona.

"Hajafa," Dada Sindano alisema. "Ana njaa. Ukiacha kuilisha, inakuwaje, shemeji? Wewe ndiye mjuzi wa hili."

"Inamaliza unga uliobaki," mwokaji alijibu polepole. "Kisha inaanza kujila yenyewe."

"Wa mtungini na wa tumboni si wale wale. Lakini wote ni viumbe wadogo, na wote hula. Sasa tazama. Mkate mweupe, laini, na sukari: hivyo hufyonzwa na mwili mapema, utumbo mwembamba unavimaliza huko juu. Huko chini kwenye utumbo mpana hakifiki kitu. Wale wema wanangoja na hawaletewi chochote. Chakula chao ni nyuzinyuzi. Zimo kwenye maganda ya nafaka, maharage, dengu, mboga za majani, karoti, matunda. Yaani kila kitu alichokikataa dada yangu huyu."

Mama mkwe alimtazama mkwewe. Akaanza kuhesabu kwa vidole: maharage, mboga, embe.

"Wasipoletewa?" Msomaji aliuliza.

Muuguzi alisita. "Wengine wanapungua, aina kwa aina. Wengine wanatafuta mbadala. Ukuta wa utumbo umepakwa ute, ndiyo ngao yake. Wataalamu wameona kwa wanyama wa maabara kwamba vijidudu wakikosa nyuzinyuzi wanageukia ute huo. Wanaula."

"Wanakula ukuta," Msomaji alisema.

"Wanaula ute unaoulinda ukuta. Wamefungiwa ndani na hawana kingine."

Msomaji alikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili. Kwa miezi yote ile, alipokuwa akisoma kwa madaha chumbani, kulikuwa na umati gizani chini ya mbavu zake, ukisubiri kulishwa. Alimhurumia nani, yeye mwenyewe au wao? Hakujua. Machozi yalimlenga.

"Na vile vidonge?"

"Dawa zile haziulizi nani mwema nani mbaya. Zinafagia wote. Ndiyo maana palikuwa kimya. Kisha nyumba ikiwa wazi, yeyote anaweza kuhamia. Dawa hizo ni nzuri daktari akikuandikia kwa ugonjwa wako, na ukizitumia kama alivyosema. Shemeji naye hakutakiwa kuzibakiza."

Mwokaji alikuna shingo, akatazama sakafu.

"Lakini ile sauti," Msomaji alisema. "Ndiyo wao wanaoongea?"

"Si maneno yao. Ni upepo na majimaji yanaposukumwa ndani ya utumbo. Vijidudu huchangia upepo huo. Kila tumbo hulia. Na tumbo tupu hulia zaidi, maana hakuna kitu ndani cha kuzuia mlio. Wewe unaingia pale na chai tu. Unafunga mlango, unanyamaza, unaweka kinasa sauti mbele yako. Ulitegemea nini?"

Msomaji aliondoka hapo akiwa na roho nyepesi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kumaliza jambo mara moja, jioni ile alikula sahani kubwa ya maharage iliyojaa mpaka ukingoni, akaongeza kabichi, akamalizia na maembe. Asubuhi akarudia. Kisha akaenda kazini.

Kilichotokea chumbani siku hiyo fundi mitambo alikisimulia kwa miezi. Alikuwa amevaa vile vya masikioni, sauti iko juu, Msomaji akafika kwenye ukurasa wa kumwogesha mtoto. Ghafla ukatokea mngurumo uliotikisa mshale wa kupima sauti mpaka ukagonga mwisho. Kijana alivua vile vya masikioni, akatoka mbio hadi barabarani. Mkuu wa maktaba alipofika, alimkuta Msomaji amekaa peke yake, amefunika uso.

"Bado wiki mbili," mkuu alisema, akafunga mlango taratibu.

"Nilisema wale, sikusema uwafanyie karamu!" Dada Sindano aling'aka alipopata habari. Alipoona mwenzake analia, alimshika bega. "Ni kosa langu pia. Nilipaswa kukwambia. Waliobaki ni wachache na wamezoea njaa. Ukiwamwagia chakula chote kwa pamoja, wanatoa upepo mwingi. Shemeji, hebu mwambie unavyofufua chachu."

"Polepole," mwokaji alisema. "Kijiko kimoja cha unga, maji kidogo. Kesho tena. Ukiizidishia siku ya kwanza, unaharibu."

Basi wakaanza, mtungi na tumbo kwa pamoja. Kila asubuhi mwokaji alilisha chachu kijiko chake, naye Msomaji alikula vijiko vichache vya maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa hadi yakalainika. Baadaye akaongeza mboga za majani. Kisha tunda, na maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, maana nyuzinyuzi bila maji huleta shida nyingine chooni. Mtindi aliuonja kwanza kwa woga. Muuguzi alimwambia kwamba mtindi wenye vijidudu hai wa maziwa unaweza kusaidia tumbo, na makohozi yale ya kuogopwa hayakutokea.

Mwokaji naye alibadili unga. Alianza kuoka mkate wa ngano nzima, wenye pumba zake, wa rangi ya udongo. Wateja wa mwanzo walinung'unika kwamba ameunguza. Mama mkwe aliwajibu kutoka kwenye kigoda chake, "Si wenu huo. Ni wa wapangaji wenu." Wateja waliondoka wakijitazama matumbo.

Kuhusu asubuhi, Msomaji alipata utaratibu mpya. Hakuingia tena chumbani na njaa. Alikula kiamsha kinywa cha kiasi, akatembea kwa miguu hadi maktaba, akakaa kidogo ndipo akaanza. Mchana alitoka akala.

Sauti hazikukoma kwa siku moja. Alipofunga mlango ule mzito, alizisikia bado. Lakini miluzi ilikwisha. Kisha ule mfoko ukaisha. Uvimbe ulinywea, choo kikawa cha kawaida, mashavu yakajaa kidogo. Na asubuhi moja mwokaji aliita watu wote waje. Mtungini chachu ilikuwa imepanda, nyeupe, imejaa mapovu, imeinua kifuniko chake yenyewe kikaning'inia upande. Walisimama wakiitazama ikipumua. Mama mkwe aliisogelea, akaisalimia kwa heshima zote.

Siku iliyofuata Msomaji alikisoma kile kitabu upya. Alisoma tangu sura ya kwanza hadi neno la mwisho, kwa siku kadhaa, akipumzika na kula katikati. Alipomaliza, mkuu wa maktaba hakukisikiliza mwenyewe. Alimtuma mtu kumwita Babu Simu.

Mzee alikaa, akavaa vile vya masikioni. Msomaji alisimama karibu na mlango, roho mkononi. Fundi mitambo alisimama nyuma yake, tayari kukimbia. Babu Simu alisikiliza kwa muda mrefu sana. Alipofika pale pa kumweka mtoto kifuani, aliinua kidole, akainamisha kichwa, akarudisha mtambo nyuma mwenyewe na kusikiliza kile kimya tena. Msomaji alifumba macho.

Mzee alivua vile vya masikioni.

"Kiko safi," alisema. "Kitoke leo leo, kina mama wanakingoja."

Mkuu wa maktaba alishusha pumzi, akamshika Msomaji mkono na kumrudisha kwenye kiti chake. Msomaji alilia bila aibu. Fundi mitambo akaingia chumbani mle peke yake, akatoka na kikombe chake cha siku nyingi.

Lakini Babu Simu hakuinuka. Aligeuza uso wake upande wa Msomaji, masikio yake yakiwa wima, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"Mwanangu, na yule aliyekuwa nyuma yako? Ameondoka?"

Msomaji aliweka mkono tumboni. Chini ya kiganja, ndani kabisa, kitu kilijongea kwa utulivu, kikatulia tena.

"Hajaondoka, babu," alisema. "Ameshiba."